Nile: Maji yapo, taarifa hazipo

Septemba 9, 2025 Waziri Mkuu Abiy Ahmed alizindua rasmi Bwawa la Renaissance kwenye Nile ya Bluu huko Guba, magharibi mwa Ethiopia, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Sudani. Kabla mwezi haujaisha, wakazi wa kando ya Nile ya Bluu na wa baadhi ya vitongoji vya Khartoum walikuwa wanayakimbia mafuriko. Mwanzoni mwa Oktoba, Wizara ya Rasilimali za Maji na Umwagiliaji ya Misri ikatoa tamko kali: Ethiopia imefungulia maji ovyo, bila kumjulisha mtu. Ethiopia ikakana, ikajibu kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Kwa miaka 14, tangu ujenzi uanze Aprili 2011, walimwengu walihubiriwa kwamba ukuta ule utaikausha Nile. Mwaka ambao bwawa limekamilika, ugomvi ukawa wa maji kuzidi.

Habari hiyo ilipita haraka, ikafunikwa na vita vya Sudani vyenyewe. Lakini ilibeba jambo ambalo wachambuzi wengi, wa Cairo, wa Addis Ababa na hata wa kwetu Afrika Mashariki, hawataki kulitazama usoni. Katika mwaka wa mvua za kawaida, bwawa lile halimpunguzii Mmisri maji ya maana. Linachobadilisha ni wakati: maji yafike lini, kwa kasi gani, na nani ajue mapema. Ugomvi wa kweli umebaki kwenye mambo mawili: taarifa za kila siku za uendeshaji wa bwawa, na kanuni ya nini kifanyike ukame ukipiga miaka mitatu, minne mfululizo. Swali la nani ana haki ya kiasi gani, ambalo ndilo linalojaza hotuba, limekula miongo miwili ya mazungumzo bila kuzaa kitu. Na nchi zetu, ambazo tangu Oktoba 13, 2024 zina mkataba mpya wa Nile, zinaelekea kuliganda swali hilohilo.

Tuanze na mto wenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kwa wastani uliotumika kwenye mikataba, maji yanayofika Aswan, kusini mwa Misri, kwa mwaka ni mita za ujazo bilioni 84. Karibu asilimia 85 ya maji hayo hutoka nyanda za juu za Ethiopia kupitia Nile ya Bluu, Atbara na Sobat. Nile Nyeupe, inayoanzia kwetu kwenye Maziwa Makuu, huchangia sehemu ndogo iliyobaki, kwa sababu takriban nusu ya maji yake hupotelea kwenye vinamasi vya Sudd, Sudani Kusini. Nile ya Bluu peke yake hupitisha mpakani kama bilioni 49 kwa mwaka, na takriban asilimia 80 ya hayo hupita kati ya Julai na Oktoba. Miezi mingine mto hunywea, mpaka Aprili unabaki kijito ukilinganisha na Agosti. Bwawa la Renaissance, lenye kimo cha mita 145 na uwezo wa kubeba bilioni 74, linaweza kumeza mwaka mzima na nusu wa mto huo. Ukubwa huo ndio unaotisha watu. Ila mtambo wa umeme haunywi maji. Unayazungusha na kuyaachia. Kinachopotea kweli pale Guba ni mvuke, usiofika bilioni mbili kwa mwaka, wakati Ziwa Nasser, lile la bwawa la Aswan la Misri lililo jangwani, hupoteza bilioni 10 na zaidi. Hata umwagiliaji mkubwa hauwezekani pale: bwawa liko ukingoni kabisa mwa Ethiopia, na ardhi tambarare inayofaa kulimwa iko chini yake, upande wa Sudani.

Hatari ya kweli ilikuwa kwenye kulijaza, na kujaza kumekwisha. Kazi hiyo ilifanyika kwa misimu mitano ya mvua, kuanzia Julai 2020 hadi 2024. Misri haikukauka. Watetezi wa Ethiopia husema hilo linathibitisha kwamba kelele zote zilikuwa za bure, nami sikubaliani nao moja kwa moja: mvua za miaka hiyo zilikuwa nzuri, na Ziwa Nasser, lenye uwezo wa bilioni 162, lilikuwa na akiba ya kutosha. Ilikuwa bahati kwa kiasi kikubwa. Pigo moja dogo lililotokea ni la Julai 2020, mto uliposhuka ghafla na mitambo kadhaa ya kusukuma maji ya kunywa mjini Khartoum ikabaki juu ya maji. Mitambo ile haikuzimika kwa sababu Sudani ilinyimwa maji. Ilizimika kwa sababu hakuna aliyewaambia wahandisi wa Khartoum kwamba wiki ile mto utashuka, ili wasogeze mabomba mapema.

Sasa tuangalie Septemba 2025 kwa hesabu ya kalamu na karatasi. Bwawa lina mitambo 13 yenye jumla ya megawati 5,150. Mtambo mmoja wa megawati 400, maji yakianguka kutoka kimo cha mita 130 hivi, unahitaji kama mita za ujazo 330 kwa sekunde, yaani takriban milioni 29 kwa siku. Yote 13 ikizunguka kwa nguvu zote, inapitisha milioni 370 hivi kwa siku. Lakini mwezi Agosti mto huleta wastani wa milioni 500 kwa siku, na Septemba bado huleta kama milioni 400. Maana yake, hata mitambo yote ikiwa mizima, kilele cha masika hakipiti kwenye mitambo. Lazima kikute nafasi tupu bwawani, la sivyo kitokee kwenye milango ya maji ya ziada. Upande wa pili, maji ya mwaka mzima yakisambazwa sawasawa hayatoshi hata mitambo mitano kwa nguvu kamili. Kwa hiyo bwawa hili limejengwa liendeshwe kwa kupanda na kushuka: lishushwe taratibu kuanzia Novemba hadi Juni, lipokee mvua, lipande tena.

Kama likibaki juu, karibu na kiwango chake cha juu cha mita 640 kutoka usawa wa bahari, wakati wa mvua mambo yanabadilika haraka. Tuseme mitambo inayofanya kazi ni mitano. Inatoa milioni 145 kwa siku, mto unaingiza milioni 425. Zinabaki milioni 280 za ziada. Eneo la bwawa likijaa ni kama kilomita za mraba 1,870, hivyo ziada hiyo inapandisha maji sentimita 15 kila siku. Mita moja ya nafasi inakwisha ndani ya wiki. Baada ya hapo hakuna siasa wala uzalendo. Mhandisi anafungua milango, na akichelewa kuifungua atalazimika kuifungua kwa kishindo. Misri ilidai kwamba siku moja mwishoni mwa Septemba bwawa lilitoa zaidi ya milioni 700 ndani ya saa 24. Idadi hiyo inaweza kubishaniwa. Kilichoifanya ibishaniwe ni kwamba hakuna daftari la pamoja la kuifungua na kuangalia.

Anayeumia kwanza ni jirani wa karibu. Takriban kilomita 100 chini ya Guba kuna bwawa la Roseires la Sudani, ambalo hata baada ya kuinuliwa mwaka 2013 linabeba kama bilioni 7 tu. Kwa desturi ya miaka mingi, wahandisi wa Roseires huliacha bwawa lao chini Julai na Agosti ili tope jingi la msimu lipite na mto, kisha kuanzia Septemba, mto unapoanza kusafika, wanaanza kulijaza kwa ajili ya umwagiliaji wa mashamba ya Gezira na umeme wa kiangazi. Fikiria mhandisi aliyekwisha jaza robo tatu ya bwawa lake, halafu yanamjia maji ya milioni 700 kwa siku. Nafasi yake iliyobaki, bilioni moja na robo tatu, inakwisha kwa siku mbili tatu. Akifungua milango yote, anafurikisha Sennar na Khartoum. Asipofungua, anahatarisha ukuta wake. Angepewa taarifa siku tano kabla, angeanza kushusha maji taratibu na watu wa kando ya mto wangelowa miguu badala ya kupoteza nyumba. Na kumbuka, mhandisi huyo anafanya kazi katika nchi iliyo vitani tangu Aprili 2023.

Sisi wenyewe tulipata mfano wake nyumbani. Aprili 2024 mvua kubwa zilipoujaza mto Rufiji, maji yalifunguliwa kwenye Bwawa la Nyerere na wananchi wa Rufiji na Kibiti wakafurikiwa. Mabishano yakawa yaleyale: bwawa limesababisha, au limepunguza? Taarifa ilitolewa kwa wakati, au haikutolewa? Hapo mto ni wa nchi moja, shirika la umeme moja, lugha moja. Weka mpaka wa kimataifa katikati na uhasama wa karne nzima, uone.

Uhasama huo una nyaraka zake. Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua ambazo, kwa niaba ya Sudani, Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikataza ujenzi wowote wa kupunguza maji ya Nile bila idhini ya Cairo. Novemba 1959 Misri na Sudani zikagawana mto wote: bilioni 55.5 kwa Misri, 18.5 kwa Sudani, 10 kwa mvuke wa jua. Ethiopia, inakotoka sehemu kubwa ya maji hayo, haikutengewa hata ndoo. Tanganyika ilikuwa ya kwanza kati yetu kuweka msimamo: Julai 1962, serikali yake, wakati huo chini ya Waziri Mkuu Rashidi Kawawa, iliziarifu Uingereza, Misri na Sudani kwamba haifungwi na mkataba uliosainiwa na mkoloni. Mwaka 1999 mataifa ya bonde yakaanzisha chombo cha ushirikiano jijini Dar es Salaam, chenye sekretarieti Entebbe, na Mei 2010 ukafunguliwa mkataba wa ushirikiano. Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda na Burundi zikauridhia kwa nyakati tofauti, Sudani Kusini ikaingia 2024 na kutimiza idadi ya sita iliyohitajika. Kenya ilisaini mwaka uleule wa 2010 lakini haikuwa miongoni mwa sita hao. Misri na Sudani zilikataa kusaini kwa sababu ya kipengele kimoja, cha 14(b). Nchi nyingi zilikubali maneno kwamba hakuna nchi itakayoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri ilitaka yaongezwe maneno ya kulinda matumizi na haki zilizopo sasa. Yaani mgawo wa 1959 uingie kwa mlango wa nyuma.

Hata hivyo, Misri isipuuzwe kama mtoto anayelilia pipi. Mwaka 1960 ilikuwa na watu wapatao milioni 26, na mgawo wake ulimpa kila mtu zaidi ya mita za ujazo 2,000 kwa mwaka. Leo watu wamevuka milioni 107 na mgawo ni uleule, kwa hiyo kila mmoja anabaki na kama 515. Kipimo kinachotumika na wataalamu wengi huhesabu chini ya 1,000 kuwa uhaba, na chini ya 500 kuwa uhaba wa kupindukia. Misri inasafisha na kurudisha shambani maji taka kwa kiwango ambacho nchi zetu haziwezi kukiota. Mtambo wa Bahr el-Baqar pekee unasafisha mita za ujazo milioni 5.6 kwa siku. Inabana kilimo cha mpunga, inaagiza ngano kwa mamilioni ya tani, kumbe inaagiza maji ya watu wengine. Nchi ya namna hiyo ikiogopa, ina sababu. Tatizo ni kwamba imeshikilia hoja yake dhaifu, ya haki ya kihistoria, ikaiacha ile yenye nguvu: kwamba aliye chini ya bwawa kubwa anastahili kujua linavyoendeshwa.

Ethiopia nayo ina lake. Karibu nusu ya wananchi wake hawana umeme wa gridi. Wakopeshaji wakubwa walikataa kugharamia bwawa bila ridhaa ya Misri, ikabidi lijengwe kwa hazina ya nchi na kwa hati fungani zilizonunuliwa na watumishi wa umma, wafanyabiashara na Waethiopia walioko nje. Mazungumzo ya Washington ya 2019 na 2020 yalileta rasimu iliyoweka namba: mto ukishuka hadi bilioni 37 kwa mwaka, au wastani wa miaka minne ukifika 39, au wa miaka mitano ukifika 40, Ethiopia iachie maji ya akiba. Ethiopia ikajitoa. Hofu yake haikuwa ya kijinga. Namba yoyote utakayoisaini kama kiwango cha ukame inaweza kugeuzwa kesho kuwa deni: kama lazima nihakikishe 37 zinapita, basi 37 ni zako, na wajukuu wangu wakitaka kulima juu ya bwawa watakuwa wezi. Hoja hiyo inahitaji jibu la kisheria, kifungu kinachosema waziwazi kwamba kanuni za ukame si mgawo na zitapitiwa upya kila baada ya muda fulani. Haihitaji matusi.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayopigiwa makofi zaidi kwenye mitandao ya Afrika Mashariki, ni ile ya "mto unaanzia kwetu, maji ni yetu." Mwaka 1895 Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Judson Harmon, alitoa hoja hiyohiyo dhidi ya Mexico kuhusu Rio Grande. Marekani yenyewe haikuiishi: mwaka 1906 ilisaini mkataba wa kuipa Mexico maji. Lakini hatuhitaji kwenda huko. Mto Mara unaanzia msitu wa Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara, ndipo unaingia Serengeti na kumwaga Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Wakati wa kiangazi kikali ndio mto pekee wa kutegemewa kwa wanyama wanaohama. Kenya ikisema unaanzia kwetu, Serengeti ijibu nini? Kagera inakusanya maji ya Burundi na Rwanda kabla ya kuingia kwetu. Ziwa Turkana la Kenya hupata karibu asilimia 90 ya maji yake kutoka mto Omo wa Ethiopia, ambako tayari kuna bwawa la Gibe III la megawati 1,870, na wavuvi wa Turkana hawakuulizwa na mtu. Mkuki kwa nguruwe. Tanzania na Kenya ziko juu ya mto mmoja na chini ya mwingine, na sheria tunayoishangilia Guba ndiyo tutakayohukumiwa nayo Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana na Kogatende kando ya Mara.

Upo pia utabiri kwamba vita vya maji haviepukiki. Rais Sadat wa Misri alitishia mwaka 1979. Juni 2013 wanasiasa wa Misri walijadili njia za kulihujumu bwawa mbele ya Rais Morsi bila kujua wako mubashara kwenye televisheni. Oktoba 2020 Rais Trump alisema hadharani kwamba Misri itaishia kulilipua. Historia haiungi mkono. Aaron Wolf na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon State walikusanya matukio 1,831 ya maji baina ya mataifa kwa nusu karne. Zaidi ya 1,200 yalikuwa ya ushirikiano, na yaliyofikia ukatili ni 37, ambapo 30 kati yake ni ya Israeli na majirani zake. Kwa Nile kuna sababu nyingine ya wazi kabisa: bwawa limejaa. Kulivunja sasa ni kuizamisha Sudani, mshirika wa Misri wa 1959. Dirisha la kulipiga, kama liliwahi kuwepo, lilifungwa maji yalipopanda.

Anayetaka kuona maji yakitumika kama silaha kwa namna ya siku hizi aangalie India na Pakistani. Mkataba wa Indus wa 1960 ulivuka vita vya 1965, vya 1971 na vya Kargil 1999. Aprili 23, 2025, siku moja baada ya shambulio la Pahalgam, Kashmir, India ikatangaza kuusimamisha. India haina mabwawa ya kuzuia maji ya mito ile ya magharibi. Hata ikitaka, haiwezi. Ilichokiweza ni kuacha kutuma takwimu na kuendesha mabwawa madogo ya Baglihar na Salal nje ya msimu uliokubaliwa, kuyamwaga na kuyajaza tena ili kutoa tope, mpaka mto Chenab ukashuka na kupanda ghafla wakulima wa Punjab wakijiandaa kupanda. Kwa mwaka mzima, kiasi cha maji hakikupungua cha kuonekana. Maumivu yalitoka kwenye ratiba.

Ziwa Victoria lilitufundisha somo hilo miaka 20 iliyopita. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, leo Nalubaale, lilipojengwa mwaka 1954, ilikubaliwa kwamba maji yatakayotoka yafuate kiwango cha ziwa, kana kwamba maporomoko ya asili ya Ripon bado yapo. Mwaka 2000 Uganda iliongeza bwawa la pili, Kiira, pembeni yake. Ukame ulipoingia na umeme kupungua, kati ya 2003 na 2006 maji yalitolewa kuliko kanuni ilivyoruhusu. Ziwa likashuka zaidi ya mita moja, kiwango cha chini kuliko chochote kwa zaidi ya miaka 50. Mwanza na Kisumu mabomba ya kuvuta maji yalibaki juu, gati zikawa ndefu kuliko maji, na maelezo tuliyopewa kwa muda mrefu ni ukame. Uchambuzi wa kujitegemea ulikuja kuonyesha kwamba takriban nusu ya mteremko ule ulitokana na maji kuachiwa kupita kiasi.

Linganisha hilo na zogo la mradi wa maji wa Kahama na Shinyanga. Tanzania ilipoanza mwaka 2004 kuchimba bomba kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, ulizuka mjadala kama tunavunja mkataba wa 1929. Uwezo wa awali wa mradi ulikuwa mita za ujazo 80,000 kwa siku, sawa na milioni 29 kwa mwaka. Ziwa lina kilomita za mraba 68,800. Sentimita moja tu ya kina chake ni mita za ujazo milioni 688. Bomba lile lingehitaji kufanya kazi kwa miaka 23 ili limeze sentimita moja. Milango ya Jinja ilimeza makumi ya sentimita kwa miaka mitatu, na hakuna barua ya kidiplomasia iliyopiga kelele kama zile za bomba. Tulikuwa tunalinda mlango ambao mwizi hakupita.

Kwa hiyo Kamisheni ya Bonde la Mto Nile inayotakiwa kuundwa chini ya mkataba mpya ina njia mbili. Inaweza kuanza na kipengele cha 14(b), ikazama humo muongo mwingine. Au inaweza kuanza na daftari. Kila bwawa la zaidi ya ukubwa fulani, la mwanachama au asiye mwanachama atakayekubali, liandike kila asubuhi saa ile ile: kiwango cha maji, yanayoingia, yanayotoka kwenye mitambo, yanayotoka kwenye milango ya ziada, na idadi ya mitambo mizima. Liambatanishe mpango wa siku 10 zijazo, na taarifa ya angalau saa 72 kabla ya kufungua mlango wowote wa ziada. Wapo wanaosema satelaiti zimemaliza kazi hiyo, kwamba Cairo inaona bwawa la Guba kila wiki. Ni kweli inaliona. Picha inaonyesha maji yalipofika jana. Haionyeshi mhandisi anapanga kufungua milango mingapi kesho, wala kwamba mitambo mitatu iko matengenezoni.

Faida ya kuanza hapo ni kwamba Misri na Sudani zinaweza kujiunga na daftari bila kusaini mkataba zinaoukataa, na Ethiopia inaweza kulijaza bila kukubali mgawo wa mtu. Tanzania na Uganda zianze na za kwetu: Nalubaale, Kiira, Bujagali, Isimba na Karuma, pamoja na Rusumo. Rusumo ni mfano mzuri ambao tunausahau. Ni mtambo wa megawati 80 kwenye Kagera, mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa mafungu sawa, na usanifu wake ulibadilishwa usitengeneze ziwa kubwa la kuhamisha watu. Wenye bwawa la pamoja hawawezi kufichana kiwango cha maji, maana mapato ni ya wote. Afrika Magharibi walifika huko zamani zaidi: bwawa la Manantali liko Mali, lakini ni mali ya Mali, Senegal na Mauritania, umeme ukigawanywa asilimia 52, 33 na 15. Senegal na Mauritania zilipokaribia kupigana mwaka 1989 na kukata uhusiano, shirika la mto Senegal halikuvunjika. Sidai kwamba Ethiopia itauza hisa za Guba baada ya raia wake kulijenga kwa akiba zao. Wakati wa umiliki wa pamoja umeshapita pale. Daftari la pamoja bado linawezekana.

Tanzania ina nafasi ya pekee ya kulisukuma jambo hili, na si kwa sababu ya Julai 1962 tu. Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 lilijengwa na kampuni za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Cairo haikupeleka wajenzi Rufiji kwa mapenzi ya Rufiji. Inatafuta marafiki miongoni mwa walio juu ya mto. Rafiki wa namna hiyo anaweza kusikilizwa pande zote mbili akileta pendekezo dogo, la kiufundi, lisilo na bendera.

Na muda si mwingi. Miaka ya El Niño kali mara nyingi hupunguza mvua za Juni hadi Septemba kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Ilikuwa hivyo mwaka 2015. Ukame uliodumu miaka ya 1980 ulilishusha Ziwa Nasser hadi kama mita 150 kutoka usawa wa bahari kufikia Julai 1988, ikabaki kidogo mitambo ya Aswan izimwe, kisha Agosti mwaka huohuo mvua zikafurika Khartoum. Wakati ule ziwa lililokuwa linasubiri kujazwa lilikuwa moja. Sasa ni mawili, yenye jumla ya nafasi ya bilioni 236, karibu miaka mitano ya Nile ya Bluu nzima. Ukame wa aina ile ukirudi na kuyamaliza yote mawili, mwaka wa kwanza wa mvua nzuri Ethiopia itataka kuinua maji yake ili mitambo ipate nguvu, na Misri itataka Nasser ijae kabla ya msimu wa kulima. Hakuna sentensi hata moja iliyosainiwa inayosema nani aanze, wala kwa uwiano gani.